Kabla hujasema kijito ni kizima, geuza jiwe

Kila tukishuka mtoni na vifaa vyetu lazima atokee mtu aulize, sasa nyie mnahangaika na machupa ya nini wakati maji yenyewe si meupe haya? Na kweli ni meupe, mwezi wa saba vijito vingi vinavyoshuka kwenye vilima vya mawe hapa Mwanza maji yake yanang'aa mpaka unaona mchanga chini. Ila meupe na mazima ni vitu viwili. Nimeshakuta kijito maji yake kama ya dukani na chini hamna kiumbe hata kimoja, alafu kingine maji yana rangi ya chai, kumbe ni majani ya miti tu yameoza na humo ndani wadudu wamejaa.

Chupa tunayopeleka maabara inatupa habari ya dakika ile tuliyochota, basi. Mtu akimwaga maji ya kuoshea magari usiku, mpaka kunakucha yameshafika ziwani na chupa yangu haitajua kitu. Lakini mdudu anayeishi chini ya jiwe wiki kwa wiki yeye usiku ule alikuwepo, hana pa kwenda, kama oksijeni iliisha au sumu ilipita basi amekufa au amesombwa. Ndio maana tunamuuliza yeye.

Vaa gambuti na glavu, na hili sitanii, kichocho ukanda huu kipo, vimelea vyake vinatoka kwa konokono wa majini vinapenya kwenye ngozi, kwahiyo usiingie peku eti kisa umeogaga humo tangu mtoto. Chukua chujio kubwa la chai au kipande cha neti, kiweke upande maji yanakoelekea, inua jiwe ulisugue kwa mkono ili vinavyobanduka viingie humo. Mwaga kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo, alafu tulia. Mwanzoni utaona takataka tu, baada ya dakika mbili tatu takataka zinaanza kutembea!

Mimi huwa natafuta kwanza kadudu bapa kenye vimkia vitatu nyuma, ukikaangalia karibu pembeni ya tumbo kana vitu kama vinyoya vinapepea pepea, hapo ndio kanapopumulia. Kwasababu vinyoya hivyo viko wazi, tope jingi au oksijeni ikipungua kenyewe ndio ka kwanza kuondoka. Mwingine ni yule anayejijengea kijumba cha chembe za mchanga anatoa kichwa tu, watoto wa shule wakimuona hawataki kuondoka. Ukikuta hao kwa wingi kijito chako kinapumua.

Upande wa pili kuna mabuu membamba mekundu, na wekundu wake ni himoglobini kama ya kwenye damu yako, inawasaidia kukamata oksijeni hata ikiwa ndogo sana. Sio wabaya, hata kwenye mto mzima wapo, shida ni ukijaza beseni ukawakuta wao na minyoo basi.

Wataalamu wameshayawekea alama haya. Kuna mfumo wa Afrika Kusini unaitwa SASS, kila jamii ya wadudu ina alama kuanzia 1 mpaka 15, wagumu wanapata chini na wadekaji wanapata juu, na Tanzania tuna wa kwetu uliotokana na huo unaitwa TARISS. Unajumlisha alama unagawa kwa idadi ya jamii ulizopata. Tuseme umepata minyoo 1, mabuu mekundu 2, ruba 3, jumla 6 gawa kwa 3 unapata 2, huo mto unaumwa.

Oksijeni nayo tunapima kwa mashine, ila angalia saa. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa yanabeba kama miligramu 7 kwa lita hivi. Kijito chenye mwani mwingi ukikipima saa nane mchana kitakudanganya kabisa, mwani unatengeneza oksijeni juani, usiku unaivuta na wenyewe, alfajiri ndio samaki wanaelea. Kwahiyo nenda saa kumi na mbili asubuhi, najua baridi.

Alafu usipime sehemu moja. Mto Mirongo, huu unaopita hapa Mwanza mjini, ukiupima pale unapoingia ziwani utajua hali yake pale tu, hutajua uharibifu umeanzia wapi, lazima upande juu ukilinganisha kabla na baada ya kila daraja na kila mfereji unaoingia. Angalia na kingo pia. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisifanyiwe shughuli za kibinadamu za kudumu au za kuharibu mazingira, wakati sisi tunakuta mchicha umelimwa mpaka kwenye maji, matete yaliyokuwa yanachuja tope na mbolea yameshafyekwa, na kwa maoni yangu hapo hata mashine huhitaji.

Mvua kubwa ikipita subiri kama wiki mbili hivi, mafuriko yanasomba wadudu hata kwenye mto mzima. Ukimaliza kuhesabu warudishe majini, na jiwe ulilaze vilevile ulivyolikuta, upande wa chini huwa kuna mayai.