Je, wajua? Kwa nini Some Like It Hot haina rangi

Wengi hujibu haraka: filamu hiyo ya vichekesho ya Marekani ni ya 1959, na enzi hizo rangi ilikuwa bado. Wamekosea kwa miaka 20 hivi. Gone with the Wind ilitoka 1939 ikiwa na rangi tele. Billy Wilder mwenyewe, mwongozaji wa Some Like It Hot, alishampiga nyota wake, Marilyn Monroe, picha za rangi katika filamu ya The Seven Year Itch ya 1955. Kwamba walibana matumizi? Nalo halisimami. Mkataba wa Monroe ulitaka filamu ya rangi, ikabidi Wilder ambembeleze aikubali nyeusi na nyeupe.

Kilichomshawishi Monroe ni picha za majaribio. Katika hadithi, wanamuziki wawili (Tony Curtis na Jack Lemmon) wanashuhudia mauaji Chicago mwaka 1929, kisha wanakimbilia Florida wakijifanya wanawake katika bendi ya kina dada. Walipopakwa vipodozi na kupigwa picha za rangi, nyuso zilitoka na ukijani. Mahaba yenye sura ya maiti, nani angecheka?

Ndevu hata zikinyolewa chini kabisa, mizizi yake huacha kivuli cha samawati chini ya ngozi. Ukipaka juu yake kipodozi chenye umanjano, samawati huchungulia na kidevu huelekea kijani. Ukiongeza tabaka, uso unakuwa kinyago.

Filamu isiyo na rangi haijui kijani. Inapima mwanga tu. Toa fotokopi ya cheti chenye muhuri mwekundu na saini ya kijani: vyote hurudi kijivu, na kama wino ulikolea sawasawa, huwezi kuvitenganisha. Kidevu cha Lemmon kilipona hivyo hivyo. Lakini si kila kitu hufichika: doa lililo jeusi kuliko ngozi hubaki jeusi, kwa hiyo wembe na poda bado vilihitajika.

Husemwa pia kwamba Wilder alitaka sura ya filamu za majambazi za zamani. Inawezekana, maana Some Like It Hot imejaa kejeli kwa filamu hizo, ila hoja hiyo peke yake isingembadilisha Monroe.

Naye hakupoteza. Gauni lake jepesi la jukwaani, kazi ya mbunifu wa mavazi Orry-Kelly, linakaribiana na ngozi kwa ukijivu kiasi kwamba jicho linatafuta kitambaa kinaishia wapi. Kati ya Oscar sita ilizowania, filamu ilipata moja tu: mavazi, kundi la nyeusi na nyeupe.