Kopo la chenji halina masikio

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa huku Pemba, kutoka Konde mpaka Mkoani. Lakini swali ninaloulizwa zaidi kikao kikishakwisha halihusu kikundi, linahusu kopo. Mtu ana kopo la maziwa ya unga, kalitoboa kifuniko, anatia chenji za dukani na za gari, na anataka friji. Je, atafika?

Atafika. Mimi humuuliza tu: mara ya mwisho umelifungua lini?

Mwishoni mwa Aprili 2025, mfunguo mosi unakaribia kwisha, bibi mmoja jirani yangu alikuja na kopo lake kwapani. Alilianza miaka mingi nyuma kwa nia ya kununua godoro, akalisahau juu ya kabati, kisha akaliendeleza kwa ajili ya friji. Tulitandika mkeka barazani, nikang'oa kifuniko kwa kisu. Zikamwagika sarafu za mia tano 214. Nilizipanga mafungu ya kumi kumi. Chini kabisa, zimenata kwenye bati lenye kutu, zilikuwamo noti za mia tano zilizokunjwa kama sambusa. Sitini na mbili.

"Hizi nazo zihesabu, mwanangu."

"Hizi dukani hazipiti tena, bibi."

Alinyamaza, akaikunjua moja na kuilaza gotini. "Zina kosa gani?"

Hazina kosa. Benki Kuu ilitoa muda, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, watu wapeleke benki noti za matoleo ya 1985 mpaka 2003, pamoja na ile ya mia tano ya mwaka 2010. Tangazo lilipita redioni na kwenye simu. Kopo halina masikio. Shilingi 31,000 zikawa karatasi.

Tokea siku hiyo nafundisha kopo kwa namna nyengine. Mwanzo ni kuchagua sarafu moja tu, na mimi nachagua ya mia tano, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Kila ikiingia mkononi, hairudi dukani. Ukitaka kukusanya kila kitu, hamsini na mia kwa pamoja, kesho asubuhi utakosa nauli ya mtoto wa skuli na utalichokoa kopo kwa kisu. (Noti hutoka kwa kisu, sarafu hutoka kwa kupindua na kutikisa. Wajukuu wanajua yote mawili. Kipande cha ndara kilichochanwa katikati na kubandikwa chini ya tundu kinawachelewesha kidogo.)

Mbili kwa siku ni 1,000, na mwezi ni 30,000. Tuseme friji la mtumba unaloliona dukani Chake ni 540,000: hiyo ni miezi kumi na minane, kama bei itakusubiri. Kwa sarafu peke yake utahitaji 1,080, na kila moja ina gramu 9.5, kwa hiyo ni zaidi ya kilo kumi za chuma. Hakuna anayebeba mzigo huo mpaka Chake kwa gari.

Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi kopo litolewe kitu. Mwenye duka atakushukuru, maana huyo ndiye anayekurejeshea pipi na kibiriti kwa kukosa chenji. Mpe sarafu sitini, akupe noti tatu za elfu kumi. Wakala wa pesa za simu naye ni hivyo hivyo. Kuweka hakukatwi kitu, kutoa ndiko kunakokatwa, basi zikiingia simuni ziache humo mpaka siku ya friji, na umuulize mwenye friji kama anapokea kwa simu.

Mimi napendelea sanduku la kikundi, na sisemi hivyo kwa kuwa ni kazi yangu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Kabla ya kulifunga, salio hutajwa kwa sauti na kila mmoja hulishika kichwani. Kikao kijacho likitajwa pungufu, hata asiyejua kusoma atanyanyua mkono. Upatu nao unafaa ukiwa na haraka, kwani zamu yako ikifika unapokea kitita kizima, ila ukishapokea ndipo utakapojua kama una moyo wa kuendelea kulipa.

Bibi alichagua sanduku. Kopo bado liko juu ya kabati lake, na kila mwisho wa mwezi tunalimwaga mkekani. Mwezi uliopita lilitoa sarafu 57, akanilaumu mimi kwa tatu zilizopungua. Noti zile sitini na mbili kawapa wajukuu wachezee duka. Wanauziana majani ya mkungu, na chenji wanarejesha.