Je, wajua kwa nini maziwa freshi yanakuchafua tumbo ila mgando unashuka freshi tu?

Kuna siku nilitoka Gongo la Mboto nawahi Kariakoo, nikapita kibanda cha maziwa kituoni nikagonga nusu lita ya maziwa freshi ya moto, bila andazi bila chapati, nikadandia daladala. Mpaka Kipawa niko vizuri. Foleni ya Tazara ndo ikanikuta, tumbo likaanza kunguruma mpaka dada niliyekaa naye siti moja akageukia dirishani kwa heshima, jasho linanitoka na wala sio la joto, mwisho nikashuka pale pale kutafuta choo cha kulipia huku konda ananiuliza "kaka si umelipa mpaka Kariakoo?"

Kitu kilichonishangaza ni kwamba kibanda kile kile jioni nakunywaga mgando nusu lita hiyo hiyo, naweka na sukari, na sijawahi kushuka kituo ambacho sio changu. Maziwa ni yale yale, ng'ombe ni yule yule. Sasa tofauti iko wapi?

Tofauti iko kwenye sukari. Sio ile unayoweka na kijiko, ni sukari ambayo ng'ombe mwenyewe ameshaiweka, inaitwa laktosi, na glasi ya mililita 250 inakuwa nayo kama gramu 12 hivi. Hii laktosi ni sukari mbili zilizoshikana mikono, glukosi na galaktosi. Ukuta wa utumbo mwembamba uko kama lile geti la mwendokasi, linapitisha mtu mmoja mmoja, mkija mmeshikana hampiti. Kwaiyo mwili una kimeng'enya chake kinaitwa laktesi (majina yanafanana mpaka kero, najua) ambacho kazi yake ni kuziachanisha hizo sukari pale getini, kila moja ipite kivyake iingie kwenye damu.

Mtoto mchanga anacho cha kutosha, lazima, maana maziwa ya mama yana laktosi nyingi hata kuliko ya ng'ombe, kama asilimia 7 hivi. Ila kwa wanyama karibu wote wanaonyonya, ndama, mbuzi, paka, na binadamu wengi, mtoto akishaachishwa ziwa mwili unapunguza uzalishaji taratibu, yaani kama kiwanda kilichoona oda zimeisha. Duniani inakadiriwa kama theluthi mbili ya watu wazima uwezo wao wa kumeng'enya laktosi umepungua. Kwaiyo wewe unayesema "mi na maziwa hatupatani" huna ugonjwa, uko na wengi.

Sasa laktosi iliyokwama getini haipotei, inateremka mpaka utumbo mpana, na huko kuna bakteria mabilioni wanaisubiri kama watu wa pilau ya shughuli. Wakiila wanatoa gesi, haidrojeni na kaboni dioksidi, wengine na methani, hapo ndo tumbo linajaa na kunguruma. Na sukari yenyewe inavuta maji kuja kwenye utumbo, hapo ndo mbio za chooni. Mara nyingi inaanza kati ya nusu saa na masaa mawili baada ya kunywa, ambayo kwa foleni zetu ni muda mzuri kabisa wa kukukutia njiani. Na hiyo haidrojeni nyingine inaingia kwenye damu mpaka mapafuni unaipumua nje, ndo maana kuna kipimo cha hospitali ambacho unakunywa laktosi halafu unapuliza kwenye mashine, haidrojeni ikiwa nyingi jibu limepatikana.

Ila mbona kuna watu wanakunywa lita nzima freshi na wanalala usingizi? Hapo kuna stori tamu na sisi tumo. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watu 470 wa makabila 43 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta baadhi ya watu, hasa wa jamii za wafugaji, wana mabadiliko kwenye vinasaba yanayofanya kile kiwanda cha laktesi kisifungwe ukubwani. Na mabadiliko ya huku sio yale ya Wazungu, yako sehemu nyingine kwenye DNA, yaani huku na kule watu walifika sehemu moja kwa njia mbili tofauti bila kuigana. Walikadiria mabadiliko ya huku yalianza kusambaa kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita, kipindi ufugaji wa ng'ombe unaingia maeneo haya. Inadhaniwa aliyeweza kunywa maziwa wakati wa njaa na ukame alipona akazaa, watoto wakarithi. Kwaiyo yule jamaa yako aliyetoka familia ya wafugaji anayekucheka ukiogopa glasi moja, hajakuzidi ujanja, kabebwa na mababu zake tu.

Haya, mgando. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima anauza mtindi hapa mtaani, nimemwangalia anavyofanya. Anachemsha maziwa mpaka yapande mara mbili tatu, anayaacha yapoe hadi akidondoshea kwenye kiganja yasimchome, anachukua vijiko viwili vya mtindi wa jana, anakoroga, anafunika na sahani, anafungia kabatini. Basi. Kwa joto la Dar kesho yake ukifunua kimeshaganda, juu kuna utando wa mafuta wa njano ambao wajukuu wake wanaugombania.

Usiku ule mle kabatini kazi inafanyika. Vile vijiko viwili vimejaa bakteria, wanaikuta laktosi wanaanza kuila, na wanachotoa ni asidi ya laktiki, huo ndo uchachu unaousikia ulimini. Asidi ikiongezeka, protini ya maziwa inayoitwa kasini inashindwa kuendelea kuelea, inashikana, maziwa yanakuwa mgando. Kwaiyo ule mgando wenyewe ni ushahidi kwamba sehemu ya sukari iliyokushusha Tazara imeshaliwa na mtu mwingine kabla yako. Sio yote lakini, sehemu tu, nyingi bado imo.

Sasa kama nyingi bado imo mbona tumbo linatulia? Hapa ndo palinifurahisha. Wale bakteria wana kimeng'enya chao wenyewe cha kuvunja laktosi, na unapokunywa mtindi ambao bakteria wake bado wako hai unawameza na mkasi wao mkononi, wakifika utumbo mwembamba kinaendelea kukusaidia kazi ambayo mwili wako umeipunguza. Afu mtindi ni mzito, unatoka tumboni taratibu, sukari inafika getini kidogo kidogo badala ya kuvamia kwa mkupuo kama maziwa freshi kwenye tumbo tupu. Ndo maana mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda unapoteza huo msaada, bakteria wameshakufa.

Watu wanajitibu kwa njia nyingi ambazo hazigusi tatizo. Kuchemsha sana hakuondoi laktosi, inavumilia moto vizuri tu. Kuhamia maziwa ya mbuzi hakusaidii sana, nayo anayo karibu sawa. Ya unga ndo yale yale yametolewa maji. Kuongeza maji kwenye maziwa, hapo umejichakachulia mwenyewe. Samli na siagi hazina shida maana laktosi imebaki kwenye maji maji, na jibini ngumu iliyokaa miezi inakuwa nayo kidogo sana. Na wengi wasiomeng'enya vizuri wanaweza kuchukua kama gramu 12 kwa mpigo, ile glasi moja, bila kusumbuka sana, hasa wakiichanganya na chakula. Mimi nilipiga gramu 24 juu ya tumbo tupu, nilistahili.

Na kwa nini nahangaika hivi, si niache tu maziwa ninywe soda? Kwa sababu ile glasi ina kalsiamu kama miligramu 300 na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, ina protini gramu 8 hivi, ina vitamini B12 ambayo kwenye ugali na maharage huipati. Mgando una kalsiamu ile ile, haijaliwa na mtu. Mtu atasema mchicha nao una kalsiamu, kweli unayo, ila una na oksaleti inayoishikilia, mwili unapata kidogo. Dagaa unaowatafuna na mifupa yao wako vizuri sana, mgando kando ya ugali dagaa hapo mifupa yako haina cha kukudai.

Ila ile ya mafundi wa kuchomelea na wapaka rangi kunywa maziwa "kusafisha kifua", hapana jamani. Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko mapafuni, hawakutani. Kunywa kwa ajili ya protini, kifuani vaa barakoa.

Mambo mawili sitaki kuyapitia kwa utani. Ukinywa maziwa ukavimba midomo, ukatoka vipele au ukabanwa pumzi, hiyo ni aleji ya protini, haihusiani na laktosi, mgando hautakuokoa, nenda hospitali. Na maziwa mabichi yachemshe kwanza hata kama unataka kugandisha, yanaweza kuwa na wadudu wa bruselosi (homa inayotoka kwa mifugo) na TB ya ng'ombe, na uchachu peke yake sio wa kuutegemea kuwaua hao wadudu. Mtoto chini ya mwaka mmoja asifanywe wa kunywa maziwa ya ng'ombe badala ya ya mama, madini ya chuma humo ni kidogo mno.

Siku hizi asubuhi nikifika kibandani mama ananiona kwa mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Freshi ya moto?"

"Mgando nusu, na chapati mbili. Leo naenda mpaka Kariakoo."