Kura ya Mapema Maktabani: Fomu Unayopewa Mezani Si Sharti la Kadi

Kila msimu wa kura ya mapema unapokaribia hapa Texas, malalamiko mawili huturudia sisi wa maktaba ya umma. Wapo wanaosema maktaba "imegeuzwa ya wanasiasa", kwa kuwa ukumbi wetu huwa kituo cha kupigia kura. Wapo pia, hasa miongoni mwetu waongeaji wa Kiswahili, wanaoacha kuja kuomba kadi ya maktaba kwa kuwa wamesikia kwamba ukifika mezani unaandikishwa kura kwa lazima. Hili la pili ndilo zito, tuanze nalo.

Sheria ya Uchaguzi ya Texas imeifanya kila maktaba ya umma, pamoja na matawi yake, kuwa wakala wa kuandikisha wapiga kura. Mtu mwenye umri wa kupiga kura akija mwenyewe kuomba kadi mpya au kuihuisha ya zamani, tunatakiwa kumpa nafasi ya kujaza fomu ya kujiandikisha. Kumpa nafasi, basi. Hatumbagui mtu kwa sura wala kwa lafudhi, ndiyo maana fomu inamfikia hata ambaye hastahili kuijaza. Ukisema "Hapana, asante", kadi unapata na vitabu unaazima kama kawaida. Sheria ya shirikisho inakataza taarifa kwamba ulikataa kujiandikisha itumike kwa shughuli nyingine yoyote.

Kama wewe si raia wa Marekani, usiijaze. Grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia. Hadhi ya mkimbizi si uraia. Kulipa kodi miaka kumi na kuwa na watoto waliozaliwa Houston si uraia. Hata barua ya kukuita kwenye kiapo cha uraia si uraia mpaka uape. Tunalirudia hili kila msimu, na bado yupo anayekuja na hoja kwamba shemeji yake alijiandikisha na hakuna lililompata. Fomu inauliza kuhusu uraia na wewe unaweka sahihi yako. Tangu Septemba 2023, kupiga kura huku ukijua huna sifa ni kosa la jinai la daraja la pili Texas: kifungo cha miaka 2 hadi 20 na faini isiyozidi dola 10,000. Sheria za shirikisho nazo zina mashtaka yake, na kwa mgeni kuna kuondolewa nchini. Swali hilo hilo utakutana nalo ofisi ya leseni za udereva, na jibu lako liwe lile lile. Aliyekwisha kuijaza kwa kutoelewa asije kwetu kuomba ushauri. Aende kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kufanya lolote.

Aliyeapa, ajaze, na asingoje. Fomu iwe imefika au imegongwa muhuri wa posta ifikapo siku ya 30 kabla ya uchaguzi; kwa uchaguzi wa Novemba 5, 2024, mwisho ulikuwa Oktoba 7. Texas haina utaratibu wa kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura.

Sasa kura yenyewe. Waliotoka Zanzibar wanajua kura ya mapema kuwa ya askari na watumishi wa uchaguzi. Hapa ni ya kila aliyeandikishwa, bila kutoa sababu, na unaweza kwenda kituo chochote cha kura ya mapema ndani ya kaunti yako. Mwaka 2024 ilianza Oktoba 21 hadi Novemba 1. Kwa siku hizo ukumbi wetu wa mikutano unakuwa mikononi mwa kaunti. Madarasa ya Kiingereza na hadithi za watoto huhamishwa au kuahirishwa, maegesho hujaa, na tunaomba radhi kwa hilo. Mashine si zetu, daftari la wapiga kura si letu, na mkutubi hawezi kukuambia kwa nini jina lako halionekani. Muulize msimamizi wa kituo.

Wengi hutuuliza kwa nini tunawaacha wenye mabango pale nje. Hatuwaachi kwa hisani. Kampeni imepigwa marufuku ndani ya futi 100, yaani kama mita 30, kutoka mlango wa kuingilia wapiga kura, na faini yake inafika dola 500. Nje ya mpaka huo, wakati kura zinapigwa, sheria inatukataza sisi kuwazuia. Tunaweza tu kuweka kanuni za busara za muda, mahali na namna. Kwa hiyo kupiga kelele kaunta hakusaidii. Kofia au fulana ya mgombea aliyemo kwenye karatasi ya kura nayo ni kampeni: igeuze ndani nje kabla ya kuvuka alama.

Simu haitumiki ndani ya futi 100 za mashine za kupigia kura, wala kupiga picha. Orodha yako ya majina iandike kwenye karatasi, au iprinti kwetu kabla ya kupanga foleni, karatasi inaruhusiwa.

Kitambulisho: kadi ya maktaba haikubaliki, hata iwe na picha. Vinavyokubalika ni saba, na vinavyotumika zaidi ni leseni ya udereva ya Texas, kitambulisho cha jimbo, pasipoti ya Marekani na hati ya uraia yenye picha. Wenye miaka 18 hadi 69 wanaruhusiwa leseni au pasipoti iliyokwisha muda kwa miaka isiyozidi 4. Kuanzia miaka 70 hakuna kikomo. Asiyeweza kupata hata kimoja ajaze palepale tamko la kikwazo, yaani fomu ya kueleza kwa nini hakuweza kukipata, akiwa na cheti chake cha mpiga kura, bili ya umeme au taarifa ya benki.

Karatasi za kura hazichapwi kwa Kiswahili. Mama au mzee asiyesoma Kiingereza ana haki ya kuja na msaidizi anayemtaka mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake, wakala wa mwajiri, au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi ataapishwa. Asiyeweza kushuka garini ataletewa kura nje. Na ukiwa tayari kwenye foleni saa ya kufunga inapofika, usiondoke. Taa za kusomea tutazizima, lakini mlango wa ukumbi utabaki wazi mpaka wa mwisho apige.