Thamani ya p ikizidi 0.05, usiandike "hakuna uhusiano"

Katika tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu ninazopitia kama mtakwimu, sentensi inayonisikitisha zaidi hukaa katika sura ya matokeo: "Thamani ya p ni 0.206, hivyo hakuna uhusiano kati ya vigeu hivi viwili." Thamani ya p ni uwezekano wa kupata matokeo yenye pengo kubwa kama lililoonekana, au zaidi, iwapo kwa kweli uhusiano haupo. Hesabu yenyewe mara nyingi huwa sahihi, kinachopotoka ni hitimisho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti anataka kujua kama kusoma kwa vikundi kunahusiana na kufaulu mtihani. Nadharia tete sifuri inasema uhusiano huo haupo. Nadharia tete mbadala inasema upo. Kati ya wanafunzi 20 wanaosoma kwa vikundi wamefaulu 12, na kati ya 20 wanaosoma peke yao wamefaulu 8. Jaribio la kai-skwea, linalolinganisha idadi zilizoonekana na zile ambazo zingetarajiwa kama uhusiano haupo, linatoa 1.6 (thamani ya p ni 0.206), chini ya kikomo cha 3.84 kinachotumika kwa jedwali la mbili kwa mbili katika kiwango cha 0.05, kwa hiyo nadharia tete sifuri haikataliwi. Sasa zidisha kila idadi kwa kumi: 120 kati ya 200, na 80 kati ya 200. Asilimia ni zilezile, 60 na 40, lakini kai-skwea inafika 16 na matoleo ya zamani ya programu ya takwimu ya SPSS huonyesha thamani ya p kuwa .000 (ambayo katika tasnifu huandikwa p < 0.001, kwani thamani hiyo ni ndogo sana lakini si sifuri).

Pengo kati ya makundi halikubadilika hata kidogo. Kilichoongezeka ni ushahidi. Kwa sampuli ya watu 40, makadirio ya pengo hilo kwa uhakika wa asilimia 95 yanaanzia takriban pointi 10 chini ya sifuri hadi pointi 50 juu yake, na anayetangaza kwamba uhusiano haupo anapuuza sehemu kubwa ya masafa hayo. Kikomo cha 0.05 chenyewe mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher alikieleza mwaka 1925 kuwa kinafaa kwa urahisi wa matumizi, nacho Chama cha Takwimu cha Marekani kilionya mwaka 2016 kwamba thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli.

Ukubwa wa sampuli, basi, uamuliwe kabla ya kugawa hojaji. Ili kuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kugundua pengo la 60 kwa 40, huhitajika karibu watu 100 katika kila kundi. Aliyekwisha kukusanya data za watu 40 aandike asilimia zote mbili, masafa ya makadirio, kisha aseme kwamba data alizonazo hazikutosha kuikataa nadharia tete sifuri.