Kipokezi kilichoshtakiwa kwa saratani, kikakutwa kwenye neva

Protini zinazoonyesha neva njia ndani ya kiinitete ndizo hizo hizo tunazozikuta zimevurugika kwenye uvimbe wa saratani. Wanafunzi wangu wa baiolojia ya seli huliona jambo hili la ajabu, na sishangai. Familia zinazotajwa sana ni nne: netrini, sliti, semaforini na efrini. Leo nashika netrini peke yake, pamoja na kipokezi chake kiitwacho DCC, yaani protini ya kwenye uso wa seli inayoishika netrini, maana historia yake ina kona nyingi kuliko za wenzake.

Ilianzia Baltimore, na wala si kwenye neva. Mwaka 1990 kundi la Bert Vogelstein, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lilikuwa likisaka jeni zinazopotea katika saratani ya utumbo mpana. Katika zaidi ya asilimia 70 ya saratani hizo, kipande cha kromosomu ya 18 huwa hakipo. Ndani ya kipande hicho wakapata jeni, wakaipa jina DCC, herufi za maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba imefutwa katika saratani ya utumbo mpana. Jeni ikipotea mara nyingi kiasi hicho, mtu kwanza hushuku kuwa ilikuwa ikizuia ugonjwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua protini yake inafanya kazi gani.

Jibu lilitoka San Francisco, kwa watu ambao hata saratani hawakuwa wakiishughulikia. Mwaka 1994 maabara ya Marc Tessier-Lavigne ilichuja ubongo wa maelfu ya viinitete vya kuku mpaka ikapata protini inayovuta nyuzi za neva: netrini. Mwaka 1996, wakitafuta ni kitu gani kwenye uso wa seli kinachoishika netrini hiyo, wakakuta ni DCC.

Ukiitazama kwa hadubini, ncha ya uzi wa neva unaokua haitulii. Imetanuka, na pembezoni mwake vinyuzi vyembamba vinachomoza na kurudi ndani. Vingine vinagusa kitu na kuganda hapo. Upande ambao DCC imeshika netrini, aktini, protini ya kiunzi iliyomo ndani ya ncha, hujengeka upesi, na ncha nzima hugeukia huko. Hivyo ndivyo neva nyingi za uti wa mgongo zinavyovuka kutoka upande mmoja wa mwili kwenda wa pili. Vitabu vingi bado vinasema netrini humwagwa na seli za chini katikati ya uti wa mgongo, kisha ikasambaa na kuzivuta neva kutoka mbali. Mwaka 2017 makundi mawili, la Alain Chédotal wa Paris na la Samantha Butler wa Los Angeles, yalionyesha kuwa ukiiondoa netrini ya pale katikati tu, neva kwa sehemu kubwa zinaendelea kupita zinakotakiwa. Inayofanya kazi zaidi ni ile inayowekwa njiani na seli mama zilizo jirani, na neva inaipapasa hatua kwa hatua. Walimu wenzangu, michoro ile ya zamani inahitaji kurekebishwa.

Kwa binadamu, kasoro ya DCC huvuruga uvukaji huo wa neva, na huonekana mikononi. Mtoto anashika kalamu kwa mkono wa kulia aandike, na vidole vya kushoto navyo vinajikunja na kukunjuka vivyo hivyo bila yeye kutaka. Mwaka 2010 ilithibitika kwamba baadhi ya familia zenye hali hii zimerithi jeni ya DCC iliyoharibika.

Turudi kwenye saratani: huko, katika miaka ya 1990, DCC ilikuwa imeanza kudharauliwa. Mwaka 1996 jeni nyingine, SMAD4, ilipatikana kwenye kipande kile kile cha kromosomu, na ushahidi kwamba ndiyo inayozuia saratani ulikuwa mzito. Mwaka uliofuata panya waliopunguziwa DCC hawakupata uvimbe zaidi kuliko wenzao. Wengi wakafunga jalada.

Waliolifungua tena ni mtafiti Patrick Mehlen na wenzake, mwaka 1998. Kipokezi cha kawaida kisipopata molekuli yake hukaa tu kikisubiri. DCC ni mlinzi anayelipwa kwa siku: posho ikifika analinda, isipofika anaichoma nyumba. Kikikosa netrini, kimeng'enya kiitwacho kaspasi hukikata sehemu iliyo ndani ya seli, na kukatwa huko kunawasha mlolongo wa seli kujiua.

Sasa tazama utumbo. Seli za ukuta wake huzaliwa chini kwenye vishimo, ambako netrini ni nyingi, zikapanda juu ambako inapungua, na baada ya siku 3 hadi 5 hivi zinakufa na kupukutika. Seli inayotaka kung'ang'ania ina njia mbili: iitupe DCC, au ijitengenezee netrini yake. Saratani ya utumbo mpana aghalabu hutumia ya kwanza. Saratani nyingi za matiti zilizosambaa hutumia ya pili. Mwaka 2004 panya waliotengenezwa wawe na netrini nyingi utumbo mzima walionyesha seli chache zinazokufa, na baadhi wakaota uvimbe. Ushahidi ninaouamini zaidi ulikuja 2012: panya ambao DCC yao ilibadilishwa mahali pamoja tu, isiweze kuua. Nao wakapata uvimbe wa utumbo.

Dawa inayotokana na haya ni NP137, kingamwili inayoidaka netrini, iliyoanzia Lyon, Ufaransa. Matokeo ya 2023 yalihusu wanawake 14 wenye saratani ya mji wa mimba iliyokwisha kusambaa: kwa 8 ugonjwa ulisimama, na kwa mmoja uvimbe ulipungua zaidi ya nusu. Ni watu wachache mno, na ukiniuliza kama utaipata hospitali ya karibu nawe, bado iko kwenye majaribio. Kinachonivutia ni sampuli zilizochukuliwa kabla na baada ya dawa: seli zilizokuwa zimelegea, tayari kuhama, zilirudi kushikana na jirani zake. Seli zilizoshikana namna hiyo huathiriwa zaidi na dawa za kawaida za saratani, na ndiyo maana majaribio yanayofuata yanaichanganya NP137 na kaboplatini na paklitakseli. Mimi naweka matumaini kwenye mchanganyiko huo kuliko kwenye NP137 ikiwa peke yake.