Hofu ya teknolojia kwa wazee wenye saratani: maana yake

Hofu ya teknolojia ni hali ya mtu kupatwa na wasiwasi au kinyongo kinachomfanya aepuke vifaa na mifumo ya kidijitali hata pale ambapo vingemfaa. Mwaka 1981, kompyuta zilipokuwa zikianza kuingia madarasani na maofisini, Mmarekani Timothy Jay aliieleza kwa dalili tatu: kukataa kuizungumzia au hata kuifikiria kompyuta, kuiogopa, na kuiwazia mabaya. Kwa maana hiyo, hofu hii si sawa na kutojua. Asiyejua hufundishwa akajua, ilhali mwenye hofu anaweza kuwa hodari wa kupiga simu za video kwa wajukuu wake na bado akakataa katakata kugusa programu ya hospitali.

Mfano ulio wazi unapatikana China, ambako mapema mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Afya ilianzisha majaribio ya uuguzi wa mtandaoni katika miji ya Beijing, Tianjin na Shanghai, pamoja na majimbo ya Jiangsu, Zhejiang na Guangdong. Jina la huduma hiyo hupotosha kidogo, kwa sababu mgonjwa hauguzwi kupitia kioo cha simu. Kinachofanyika mtandaoni ni kuomba huduma. Muuguzi mwenyewe, ambaye kanuni zilimtaka awe amefanya kazi hiyo hospitalini kwa miaka isiyopungua 5, huja mlangoni. Mgonjwa wa saratani anaihitaji huduma hiyo kuliko wengi, kwani katikati ya awamu za tibakemikali huwa amerudi nyumbani akiwa na mrija mwembamba ulioingizwa kwenye mshipa wa mkono hadi karibu na moyo, na mrija huo hutakiwa kusafishwa na kubadilishiwa bandeji takriban kila baada ya siku 7. Wapo pia waliotobolewa tumbo na kuvaa mfuko wa kinyesi, na waliopata vidonda kwa kulala muda mrefu. Kumtoa mtu wa hali hiyo kitandani, kumpandisha basi na kumweka kwenye foleni kwa ajili ya kazi fupi ya kubadilisha bandeji ni mateso ambayo huduma hii ilikusudiwa kuyaondoa.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo, kwa maoni yangu, husahaulika: mzee huyu hamwogopi muuguzi, anauogopa mlango wa kumfikia. Kabla ya kuguswa na mkono wa binadamu anatakiwa kujisajili, kuthibitisha sura yake, kupakia picha za cheti cha daktari, kuonyesha mahali anapoishi na kulipa kwa simu. Kosa la kawaida katika simu hufutwa, lakini mgonjwa anawaza kosa la aina nyingine: kwamba akibonyeza pasipotakiwa atakosa dawa, au fedha za matibabu zitaingia mikononi mwa tapeli.

Ugonjwa wenyewe nao huichochea hofu hiyo. Baadhi ya dawa za saratani hutia ganzi vidoleni, nyingine huwaacha wagonjwa wakilalamika kwamba kumbukumbu na umakini vimepungua, na dawa iitwayo capecitabine huweza kuchubua ngozi ya viganja hadi alama za vidole zifutike. Mwaka 2009 jarida moja la tiba lilieleza kisa cha mgonjwa kutoka Singapore, mwenye umri wa miaka 62, aliyezuiwa kwa saa kadhaa alipoingia Marekani kwa sababu mashine haikuona alama zozote vidoleni mwake. Mtu ambaye mashine imeshindwa kumtambua hawezi kulaumiwa akiiona mashine kuwa adui.

Serikali ya China iliuona ugumu huo wakati wa korona, wazee wasio na msimbo wa afya kwenye simu, yaani alama ya kidijitali iliyoonyesha kama mtu ana hatari ya maambukizi, walipokwama kupanda mabasi. Novemba 2020 Baraza la Serikali lilitoa mpango ulioagiza madirisha ya kuhudumiwa ana kwa ana yabaki, fedha taslimu ziendelee kupokewa, na programu ziwe na maandishi makubwa na matumizi mepesi. Maandishi makubwa humsaidia asiyeona vizuri; mwenye hofu husaidiwa zaidi na sauti anayoifahamu, kama ya muuguzi wa wodini anayekaa naye kabla hajaruhusiwa kutoka, wakaomba huduma ya kwanza pamoja.

Mara nyingi, hata hivyo, anayeomba huduma ni mtoto wa mzee, na simu inayotumika ni ya mtoto. Njia hiyo ni ya haraka, ila ina kasoro ambayo haionekani upesi. Katika familia nyingi za China ndugu humficha mzee jina la ugonjwa wake ili asivunjike moyo, na programu inayodai picha za vyeti huiweka siri hiyo hatarini. Basi mtoto hukaa na simu, husoma ujumbe wote, huchagua siku na saa. Mzee husikia tu hodi. Hofu ya kubonyeza imemwondokea, lakini hajui nani ameitwa, kwa ajili ya nini, wala atarudi lini.